Feza mkononi mwa maskini: shida si pombe, shida iko njiani

Toka miaka kumi na zaidi, mashirika mengi ya msaada huku Mashariki yanaacha magunia pole pole na kutoa feza taslimu. Kuna wanaofurahi. Kuna pia wanaosema maskini akipewa feza atazikunywa tu. Uchunguzi uliofanywa Kenya, na hata hapa kwetu Masisi, unaonyesha kwamba feza zikifika kwa mwenyewe zinafanya kazi. Kazi ngumu ni kuzifikisha.

Siku ya kugawa msaada, karibu na kambi ya wakimbizi wa vita, mara nyingi kunakuwa na soko la pili ambalo hakuna shirika lililolipanga. Mama anatoka kwenye foleni na unga, maharagi, mafuta na bashe. Mbele kidogo kunasimama mtu mwenye mizani na feza mfukoni. Mama anamuuzia nusu ya unga kwa bei ya chini, kwa sababu mtoto ana malaria na dawa hainunuliwi kwa unga. Ule unga unapandishwa kwenye chukudu, na kesho yake uko sokoni kwa bei ya kawaida.

Mfadhili amelipa unga, meli, lori, depo na walinzi. Mama amebaki na sehemu ndogo ya ile thamani, na faida imeenda kwa mwenye mizani. Wazo la kutoa feza linaanzia kwenye swali rahisi: kama mwisho wa yote mama huyu anatafuta feza, mbona asipewe feza toka mwanzo?

Msaada wa feza uko namna gani?

Wakaaji wa Mashariki wanajua njia nne za kusaidiwa. Ya kwanza ni vitu vyenyewe: chakula, sabuni, masufuria, mablanketi. Ya pili ni boni, ile karatasi au kadi yenye thamani fulani, ambayo mtu anaenda nayo kwa wafanyabiashara waliochaguliwa, au kwenye soko maalum la siku moja ambalo mashirika huita fware. Ya tatu ni feza kwa kazi: watu wanatengeneza barabara au kuchimba mitaro, wanalipwa kwa siku. Wengi wanaijua kwa jina la THIMO, hasa kupitia miradi ya Fonds Social inayofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ya nne ni feza bila masharti. Familia inapewa feza, inanunua inachotaka, na hakuna anayekuja kuomba risiti.

Hii ya nne ndiyo inayoleta ubishi, ingawa wazo la kuwapa maskini feza si geni. Mexico ilianza mwaka 1997 kulipa familia maskini kwa sharti kwamba watoto waende masomo na wapelekwe kupimwa afya. Brazil ikaja na mpango wake mkubwa wa Bolsa Família mwaka 2003. Baadaye wachunguzi wakauliza: je, hayo masharti yanahitajika kweli, ama mzazi angefanya hivyo mwenyewe kama angekuwa na uwezo?

Jibu lilitafutwa sana nchini Kenya, na sababu moja ni simu. Safaricom ilianzisha M-Pesa kule mwaka 2007, na ghafla ikawezekana kumtumia feza mtu wa kijijini bila lori, bila benki, bila mtu wa kati anayebeba bahasha. Shirika la GiveDirectly, lililoanzishwa na wanafunzi wa uchumi wa vyuo vikuu vya Marekani, lilianza kazi huko Kenya magharibi kwa njia hiyo. Kongo ilipata M-Pesa ya Vodacom mwaka 2012. Leo Airtel Money na Orange Money ziko pia, na kibanda cha kutolea feza kimekuwa kitu cha kawaida kwenye kila njia panda ya Goma, Bukavu, Bunia au Kalemie.

Hapa Kongo wenye haki ya msaada huo si wachache. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani karibu 73 na nusu kwa kila 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Hicho kilikuwa kipimo cha umaskini wa kupindukia, kabla ya kupandishwa hadi dola 3 mwezi wa sita 2025. Hesabu hiyo inaingiza pia chakula ambacho familia imejilimia. Maana yake, muhogo wa shambani, maharagi, sabuni, dawa, chumvi, vyote vikijumlishwa, havifiki hapo.

"Si watazikunywa?"

Hili ndilo neno la kwanza linalosikika kila mara. "Ukipatia masikini feza, jioni utamukuta kwa kasiksi." Wengine wanaongeza kwamba ataacha kulima, atakaa akingojea simu ilie.

Wachunguzi wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya chunguzi 19 zilizofanywa Afrika, Amerika ya Kusini na Asia kuhusu swali hilo la pombe na tumbaku. Walichokuta ni kwamba, kwa ujumla, watu waliopewa feza hawakuongeza matumizi ya vitu hivyo. Mahali pengi matumizi yalishuka kidogo. Kuna mlevi mmoja mmoja, kama vile kuna mlevi mmoja mmoja kati ya matajiri. Lakini hakuna kijiji kilichogeuka baa.

Uchunguzi unaotajwa sana ulifanywa Rarieda, Kenya magharibi, si mbali na ziwa Victoria. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuata familia zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Shapiro alikuwa mmoja wa walioanzisha GiveDirectly. Familia zingine zilipata shilingi za Kenya 25,200, zingine 95,200, na zingine hazikupata kitu ili kuwe na cha kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopata feza walikula vizuri zaidi, walikuwa na mifugo zaidi, na wengi walitoa nyasi juu ya nyumba wakapiga mabati, yale ambayo watu wa Kivu huita manjanja. Pombe na sigara hazikuongezeka. Hata mawazo mengi na huzuni, vilivyopimwa kwa maswali, vilipungua.

Uchunguzi huo ulitoa somo jingine ambalo lingefaa kukumbukwa huku kwetu. Walioletewa feza kidogo kidogo kila mwezi walizitumia zaidi kwa chakula. Walioletewa zote mara moja walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama mabati. Mtu anayejua likelemba hatashangaa. Watu wanaingia likelemba kwa sababu hiyo hiyo: franka elfu tano kila juma zinaliwa, lakini siku zamu yako ikifika unaweza kununua mbuzi, kulipa minervali ya mtoto wa sekondari, ama kumaliza deni la Banki Lambert, wale wakopeshaji ambao riba yao inazaa kuliko sungura.

Hayo yote hayasemi kwamba dola mia tano zinamtoa mtu katika umaskini milele. Faida nyingine zinapungua miaka ikipita, na familia yenye ugonjwa mkubwa au shamba lililochukuliwa na vita inaweza kurudi pale ilipoanzia. Hata hivyo maskini amejionyesha kuwa mtu anayejua shida zake. Hiyo peke yake ni jibu kwa wale waliokuwa wakimfikiria kama mtoto.

Na jirani asiyepata kitu?

Swali la pili ni la soko. Feza nyingi zikiingia kijijini, je, bei ya unga haitapanda na kuumiza wale ambao hawakupewa?

Katika kaunti ya Siaya, Kenya hiyo hiyo, jambo hili lilipimwa kwa ukubwa ambao haukuwa umeonekana mbele. Vijiji 653 vilihusika, na zaidi ya familia 10,000 zilipata karibu dola 1,000 kila moja, toka mwaka 2014 hadi 2017. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Feza zilizunguka. Mwenye kupewa alimlipa fundi, fundi akanunua nyama, mchinjaji akanunua nguo. Wachunguzi walihesabu kwamba kila dola moja iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo. Familia zisizopewa nazo ziliongeza matumizi yao.

Mwaka 2025 wachunguzi wa Siaya walitoa matokeo mengine, haya kuhusu watoto. Kati ya familia zilizopata feza, vifo vya watoto wasiofika mwaka mmoja vilishuka karibu nusu: asilimia 48. Akina mama wajawazito waliweza kupumzika kazi nzito miezi ya mwisho, walikula vizuri, na walienda kuzalia hospitali. Lakini matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo hospitali yenye daktari ilikuwa karibu. Feza zinalipa pikipiki na kitanda cha kuzalia. Haziwezi kuleta daktari ambaye hayuko.

Hapo ndipo msomaji wa Shabunda au wa Walikale anapaswa kusimama kidogo. Siaya si Kivu. Siaya kuna barabara, masoko ya kila juma, simu inayoshika karibu kila mahali, na hakuna vita. Je, mambo haya yanafaa huku?

Masisi ilijibu mwaka 2011

Kuna jibu lililopatikana hapa hapa. Mwaka 2011, katika teritwari ya Masisi, shirika la Concern Worldwide lilikuwa linasaidia wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi isiyo rasmi. Jenny Aker, mchumi wa Marekani, alifuatilia karibu familia 470 za kambi hiyo. Zote zilipata thamani moja: dola 130 kwa awamu. Lakini nusu yake zilipata boni za kununulia vitu, na nusu nyingine feza taslimu.

Wenye boni walilazimika kununua vilivyoletwa na wafanyabiashara kwenye fware. Wenye feza walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, vya kula na visivyo vya kula. Baada ya miezi, wachunguzi walilinganisha chakula na hali ya maisha ya makundi mawili. Hawakuona tofauti. Wenye feza hawakula kidogo kuliko wenye boni, kwa hiyo ile hofu kwamba bila boni watoto watalala njaa haikuthibitika. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: kutoa feza kulikuwa rahisi kuliko kutoa boni, kwa shirika na kwa waliopewa pia.

Maana yake si kwamba boni ni kitu kibaya. Uchunguzi mwingine uliofanywa Kivu ya Kaskazini miaka ya 2017 na 2018, kwa familia 976, ulipima boni za vitu vya nyumbani zenye thamani ya kati ya dola 55 na 95. Afya ya mwili ya watoto haikubadilika. Lakini watu wazima waliopewa walikuwa na nafuu ya mawazo na wasiwasi kuliko wasiopewa. Mama aliyekimbia na kikwembe kimoja, akipata sufuria, godoro na bidoni la maji, analala namna nyingine. Masisi ilionyesha kwamba mama huyo anaweza pia kuaminiwa na feza zenyewe.

Kivu ya Kusini, 2022: feza zilizopotea njiani

Sasa upande wa pili, ambao wakaaji wa Mashariki wanaujua bila kusoma uchunguzi wowote.

Mwaka 2023 GiveDirectly lilitangaza lenyewe kwamba mwaka uliotangulia liliibiwa karibu dola 900,000 katika programu yake ya Kivu ya Kusini. Familia zaidi ya 1,700 zilikuwa zimeandikishwa kupata feza. Hazikupata.

Wizi haukufanywa na majambazi wa barabarani. Ulifanywa na watumishi wa shirika wakishirikiana na watu wa nje. Kwa kawaida, anayesaidiwa ndiye anayeandikisha kadi yake ya simu, na mtumishi wa shirika hapaswi kuigusa. Lakini eneo lilikuwa mbali na usalama ulikuwa mdogo, kwa hiyo sheria hiyo ililegezwa, watumishi wakaruhusiwa kuwaandikishia watu kadi. Hapo mlango ulifunguka. Anayeshika kadi ya simu na namba ya siri ndiye mwenye feza, hata kama jina kwenye listi ni la mama wa kijijini. Kwenye kompyuta ya mjini kila kitu kilionekana safi: jina lipo, namba ipo, feza zimetumwa, feza zimetolewa.

Tukio hilo lina uzito kwa sababu linageuza ubishi wote. Kwa miaka mingi watu waliuliza kama maskini ataharibu feza. Katika Kivu ya Kusini, maskini hakupata hata nafasi ya kuziharibu. Waliokula feza walikuwa watu wenye mshahara.

Na hiyo ni njia moja tu ya kupoteza. Kuna jina la mtu asiyekuwapo, linaloitwa feki, linaloingizwa kwenye listi. Kuna mwenye nyumba mjini anayeandikwa kama mkimbizi. Kuna anayedai feza ili jina liandikwe. Na kuna ile ambayo Wakongomani wameipa jina, operesheni retour: unapata msaada wako wote mbele ya watu, kisha jioni mtu anapita kuchukua "sehemu ya wakubwa". Magunia yanaibiwa pia, na yameibiwa sana. Lakini gunia linaonekana. Feza za kwenye simu zinaondoka bila kelele.

Pale feza peke yake hazitoshi

Hata bila mwizi, kuna mahali feza hazifai au hazitoshi.

Pa kwanza ni pale pasipo na soko. Kama barabara imekatwa na hakuna lori linalofika, feza zote zitakimbiza vitu vichache vilivyobaki, na bei itapanda. Kule Siaya bei hazikupanda kwa sababu wafanyabiashara waliweza kuleta bidhaa zaidi. Kijiji kilichofungiwa na mapigano hakiwezi. Huko unga wenyewe bado ni bora.

Pa pili ni pale noti zinapokosekana. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika ndani ya Goma, na mwezi uliofuata Bukavu, mabenki yalifunga milango. Watu walikuwa na feza kwenye simu lakini kuzigeuza noti kukawa mtihani. Tuseme familia imetumiwa dola 100. Wakala akichukua dola 3, inabaki 97. Noti zikiwa haba akachukua 10, inabaki 90, na shirika likiandika ripoti litaandika 100. Kwa hiyo mpango mzuri unapima ni kiasi gani kinabaki mkononi baada ya kutoa, na kuongeza kiasi cha kulipia wakala.

Pa tatu ni usalama. Kijiji kizima kikijua kwamba siku ya Ijumaa feza zinaingia, wenye bunduki watajua pia. Hapo kutuma kwa siku tofauti, au kidogo kidogo, kunaweza kuokoa maisha, hata kama kwa kununua mbuzi au manjanja ingefaa zaidi kutuma zote mara moja.

Pa nne ni vitu ambavyo hakuna familia inayoweza kununua peke yake: chanzo cha maji, barabara, mwalimu, kituo cha afya, amani. Dola 100 hazinunui daraja. Anayesema feza zitachukua nafasi ya serikali anadanganya watu.

"Mbona jina yangu haiko?"

Jambo linaloleta fujo kuliko yote ni listi. Katika kambi au kartie ambayo karibu wote ni maskini, kumchagua mmoja na kumwacha jirani yake ni kazi inayoumiza. Wachunguzi walioangalia vijiji vya Kenya waliona jambo hilo pia: jirani aliyeona wenzake wanapanda wakati yeye amebaki alijisikia vibaya zaidi kuhusu maisha yake, ingawa hisia hiyo ilipungua na wakati.

Huku kwetu shida inaongezeka kwa sababu ya vita. Familia inayopokea wakimbizi nyumbani mwake, ikigawana nao muhogo na choo, mara nyingi haimo kwenye listi. Mkimbizi anapata, mwenyeji anakosa. Baada ya miezi mitatu waliokuwa ndugu wanaanza kutazamana vibaya.

Kuna njia za kupunguza maumivu hayo, na hakuna iliyo kamili. Mashirika mengine yanachagua kijiji kizima na kumpa kila mtu, kiasi kikiwa kidogo. Mengine yanatumia alama zinazoonekana: mjane, mzee anayelea wajukuu, mlemavu, mama anayenyonyesha. Mengine yanasoma majina mbele ya wote, ili raia wenyewe waseme nani ni wa kweli na nani ametoka mjini. Hii ya mwisho inahitaji ujasiri, hasa kama jina la uongo ni la ndugu wa shefu. Lakini listi iliyosomwa mchana ni ngumu kuiba kuliko listi inayokaa ndani ya begi.

Mambo ya kushika kabla ya kuandikishwa

Mtu akija kijijini au kambini kuandikisha familia kwa ajili ya feza, kuna mambo machache yanayolinda haki ya kila mmoja.

Jina kwenye listi ni la bure. Hakuna kulipa feza, kuku, wala siku ya kazi shambani kwa mtu. Na hakuna anayeruhusiwa kuomba mwili wa mama au wa msichana ili jina liandikwe. Hilo ni kosa kubwa, hata kama anayeomba amevaa jile ya shirika.

Kadi ya simu iandikishwe kwa jina la mwenyewe, kwa kitambulisho chake, mara nyingi kadi ya mpiga kura, na mwenyewe akiwepo. Kama kitambulisho kilibaki nyumbani wakati wa kukimbia, sema mapema, na uulize shirika lina njia gani nyingine. Usikubali neno la "usijali, nitakufanyia, utapata kadi yako kesho."

Namba ya siri haisemwi kwa mtu. Si kwa mtumishi wa shirika, si kwa shefu, si kwa wakala. Bibi asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kuipiga kwa vidole, kama anavyojua njia ya shamba bila ramani. Kama anahitaji msaada, achague mtoto au jirani ambaye yeye mwenyewe anamwamini, asichaguliwe.

Uliza mbele ya watu: ni kiasi gani kitatumwa, mara ngapi, tarehe gani, na nani analipa gharama ya kutoa. Wote wakijua kwamba ni dola 100, ni vigumu mtu kusema zilikuwa 70.

Omba namba ya malalamiko, na uipige kabla ya shida kutokea, ili ujue kama kuna mtu anayejibu. Mashirika makubwa mengi yana namba ya bure. Kama namba hiyo inapokelewa na mtumishi yule yule aliyekuandikisha, sema kwenye mkutano kwamba hiyo haifai. Shirika la raia na kamati za wakimbizi zinaweza kupeleka malalamiko ya watu wengi kwa pamoja, ili mmoja asiogope kulipwa kisasi.

Feza zikiingia, si lazima kutoa zote siku hiyo hiyo. Si lazima pia kutembea peke yako.

Kila dola imekuwa haba

Maswali haya yanakuja wakati mgumu. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo, ilikata sehemu kubwa ya msaada wake mwaka 2025, na shirika lake la USAID likafungwa. Nchi nyingine za Ulaya nazo zilipunguza. Wakimbizi hawakupungua. Kiasi kidogo kikigawanywa kwa watu wengi, kila dola inayobaki kwenye depo, kwa wakala au mfukoni mwa mtu wa listi ni chakula cha familia fulani yenye jina na uso.

Kwa hiyo mkutano ujao wa kambi au wa kijiji, pale mtu atakaposimama na kuuliza kama hawa maskini wataweza kutunza feza, kuna jibu kutoka Rarieda, kutoka Siaya na kutoka Masisi. Na kuna swali la kumrudishia: kadi ya simu itakaa kwa nani, listi itasomwa wapi, na malalamiko yatapokelewa na nani?

Mama aliyeuza unga wake kwa mwenye mizani anajua tayari angenunua nini. Dawa ya mtoto kwanza, kisha kilo chache za unga ule ule, kwa bei ya soko.